Mungu wa Siku Mbili

Mkunga hakuwa mtu wa kupiga hodi. Aliingia nyumba za watu kama mwenyewe aliyesahau kitu ndani, akapitiliza hadi jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akasema chumvi imezidi, ndipo akasalimia. Ukimnunia alikuuliza kama wewe ulipiga hodi siku ulipokuja duniani, na yeye amekungoja tangu asubuhi bila hata uji. Nusu ya watu wa Kanyangi hawakuwa na jibu la swali hilo, maana kweli aliwangoja.

Namwita Mkunga kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, wakubwa kwa wadogo. Jina alikuwa nalo kama kila mtu, lakini sikuwahi kulisikia likitumika, hata siku wazee wa kanisa walipomwita kumhukumu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nimeshona sokoni Kanyangi tangu nilipoolewa huko, miaka ya sitini ikielekea kuisha, na fundi wa nguo huwajua watu kupita kiasi. Anajua nani amenenepa, nani amefiwa, nani anataka gauni lipanuliwe kiunoni na hataki kusema kwa nini. Mkunga alipenda kuketi kwenye benchi langu la wateja bila nguo yoyote ya kushonwa, akitazama matumbo yanayopita barabarani. Alikuwa akininong'oneza, "Huyo ni mwezi wa tano, na mumewe hajui." Alikuwa mmbeya, tusidanganyane. Lakini umbeya wake ulikuwa na kazi, kwa sababu wiki iliyofuata ungemkuta kwa huyo mama wa mwezi wa tano, akimfokea kwa kubeba mtungi mkubwa wa maji kutoka mtoni.

Mikono yake ilikuwa midogo, ya mtoto wa shule. Kucha alizikata kwa wembe mpaka karibu na nyama, na alinuka sabuni ya mche saa zote, hata shambani. Miguu, hapana, hiyo ilikuwa imepasuka visigino. Kwenye pindo la leso yake alifunga kijifundo cha ugoro, na kanisa letu lilikataza tumbaku ya kila namna. Ukimuuliza alisema ni dawa ya macho. Akiona umecheka alivuta mbele yako, akapiga chafya mara mbili, akamshukuru Mungu.

Kanisani kwetu watu walipenda kuhubiriwa juu ya moto. Walikuja wahubiri kutoka Tawa, kutoka Kitui mjini, wakapiga meza, wakatuonyesha jinsi mbingu zitakavyokunjwa. Mkunga alisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyejikinga mvua barazani kwa jirani. Wakimaliza aliwafuata nje na kuwauliza habari za Bethlehemu. Nani alimkata Bwana Yesu kitovu? Kwa kitu gani? Kondo lilitoka lote au lilibaki? Mariamu alipewa uji na nani, na je, aliwahi kusimama siku hiyo hiyo au alilala? Mhubiri mmoja kijana alimjibu kwamba Biblia haisemi.

"Haisemi kwa sababu walioandika ni wanaume," Mkunga alimwambia. "Walikuwa nje."

Kwake yeye Injili yote ilikuwa pale. Msalaba aliuamini, ufufuo aliuamini, lakini alisema hayo mengine ni rahisi kuamini ukishakubali la kwanza. Mtu akishakubali kwamba Mungu alikaa miezi tisa tumboni mwa msichana, akageuka, akashuka kichwa kwanza, akatoka na damu, akapigwa mgongoni ndipo akalia, huyo mtu atashindwa kuamini nini tena? Aliyasema haya waziwazi, sokoni, huku akichagua nyanya.

Sentensi yake iliyomletea taabu aliisema wakati mmoja tu. Ni ule wakati uchungu umefika juu kabisa, mama ameanza kusema anakufa, wamwite mume wake, wamwite mama yake aliyezikwa zamani. Hapo Mkunga alikuwa akimshika magoti na kumwambia, bila kupaza sauti, "Nyamaza. Mungu alipitia mlango huu huu." Ukiisikia mara ya kwanza unashtuka hata unasahau maumivu kidogo. Mkunga alisema hiyo ni nusu ya kazi ya sentensi hiyo. Nusu ya pili ni kwamba ni kweli.

Mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Alimwita kando akamsihi asitumie tena neno hilo la mlango, kwamba linawakwaza watu. Mkunga alifikiri, akamuuliza, "Sasa niseme dirisha?" Mchungaji hakulizungumzia tena jambo hilo maishani mwake.

Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mke wa muuza vitambaa aliyetoka pwani, nami nilikuwa nikinunua vitambaa kwao. Mkunga alimzalisha watoto wanne. Mara ya kwanza alipomwambia habari za mlango, yule mama, na maumivu yake yote, alisema astaghfirullahi, Mungu hazaliwi. Mkunga akamwambia, "Haya, hayo tutazungumza kesho. Leo azaliwe wako." Kesho yake walizungumza kweli, wakabishana hadi saa sita mchana, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Kila Idi ilipofika pilau ya Mkunga ilitumwa kwake ikiwa moto.

Zahanati ilipofunguliwa na akaletwa nesi aliyesomea, msichana mdogo wa kuwa mjukuu wake, sote tulingoja vita. Mkunga akaenda siku ya kwanza, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akatazama siku nzima. Alirudi akisema yule msichana anajua mambo, isipokuwa mikono yake ni baridi. Tangu hapo alichemsha wembe kama alivyoonyeshwa, na mama aliyemwona ana hatari alimpeleka zahanati mwenyewe, akimsukuma mgongoni. Lakini yeye mwenyewe alipougua malaria alijificha nyumbani kwa shangazi yangu siku tatu, akiogopa sindano. Ndivyo alivyokuwa.

Na Krismasi moja, wakati huo akiwa ameketi benchi la nyuma kwa sababu nitakazozisema, vijana walicheza igizo la Kuzaliwa. Mtoto Yesu alikuwa leso iliyokunjwa na kufungwa kamba. Mimi ndiye niliyeifunga, na niliifunga vizuri. Mkunga akasimama huko nyuma akasema kwa sauti kwamba mtoto huyo hapumui. Kabla mtu hajamzuia alikuwa amemchukua mtoto wa miezi miwili kwa mama yake, amekwenda mbele, ameitoa leso yangu na kumlaza yule mtoto kwenye ungo. Mtoto akatazama taa, akamkojolea Yusufu kifuani. Kanisa zima lilicheka, pamoja na mchungaji, ila wazee wa kanisa walikaza nyuso. Mimi nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia, na kwa nini nililia nitasema sasa.

Kwetu Ukambani, mtoto akizaliwa hakuwa mtu mara moja. Siku za kwanza aliitwa kiimu, yaani roho, kitu cha wale waliotangulia, ambacho bado hakijaamua kama kinabaki. Siku ya tatu wanawake walikusanyika wakampa jina, na siku iliyofuata baba alimvika ushanga shingoni. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Akifa kabla, wanawake walimpeleka kimya kimya wakamfukia, hakuna kilio, hakuna wimbo. Mama aliambiwa asilie kwa sababu hakuna aliyekufa.

Sasa kanisa lilipokuja lilikataza ushanga. Likakataza pombe, ngoma, waganga, na mengine mengi. Lakini hili la siku tatu lilipita katikati ya vidole vyake, sijui ni kwa nini. Labda wazee wa kanisa hawakuliona kama mila, waliliona kama jinsi mambo yalivyo. Mtoto aliyekufa bila jina hakuandikwa, hakuombewa, hakuimbiwa. Wakristo waliookoka, wenye Biblia mbili nyumbani, walimfukia karibu na migomba na kurudi kunawa mikono.

Mkunga alilikataa jambo hilo. Hakulikataa tangu mwanzo, maana aliniambia mwenyewe kwamba ujanani, kabla hajaokoka, aliwafukia wengi kwa mikono yake, na wawili walikuwa wake. Lakini aliposomewa habari za Bethlehemu alisimama hapo hapo. Kuanzia siku hiyo, mtoto akitoka tu, kabla hata ya kukata kitovu, alimwinamia sikioni na kumpa jina. Alichukua jina kutokana na siku yenyewe, kama ilikuwa ya njaa, ya safari, ya mapambazuko. Mabibi waliwaka, wakasema anawanyang'anya babu za watu majina yao. Akawajibu kwamba babu atapata lake siku ya tatu, hili ni la kumwitia mtoto kama hatafika siku hiyo. Na asipofika, Mkunga aliandamana na wanawake hadi penye shimo, akataja jina, akaimba ubeti mmoja, akarudi. Mama aliyelala ndani aliambiwa jina la mwanawe. Aliambiwa pia alie.

Mwaka nilioolewa ndipo wazee wa kanisa walipomwita. Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao, na jioni alitusimulia yote akiwa bado amekasirika. Walimshtaki kwa sentensi ya mlango, lakini hasa walimshtaki kwa majina. Wakamwambia anawazika viimu kama Wakristo.

Yeye akawauliza, "Malaika aliwaambia wale wachunga kondoo amezaliwa leo. Leo. Wakaja usiku ule ule. Na jina alipewa siku ya nane, mmetusomea wenyewe. Sasa wazee wangu, walipiga magoti mbele ya nini?"

Mzee mmoja akasema Yesu hahesabiwi hivyo, jina lake malaika alishamwambia mama yake kabla hata ya mimba.

"Ndiyo maana na mimi simngoji bibi wa siku ya tatu," Mkunga akasema.

Ukiwashinda wazee kwa maneno, watakushinda kwa benchi. Alitengwa. Kwetu aliyetengwa huketi benchi la mwisho, hashiriki Meza ya Bwana, na akifa katika hali hiyo haombewi kanisani. Mkunga aliketi huko miaka miwili. Kila Jumapili ya ushirika sahani ya mkate ilisimama safu moja mbele yake na kurudi.

Watu wangependa niseme hakujali. Alijali sana. Huyu mwanamke aliyemwuliza mchungaji habari za dirisha alikuwa akiutazama ule mkate kama mgonjwa anavyotazama maji. Alisema Mungu aliyekuja na mwili huliwa kwa mdomo, na yeye amefungwa mdomo. Mwisho akashindwa. Akaenda kwa wazee, akaahidi mbele ya mchungaji kwamba hatampa mtoto jina kabla ya siku ya tatu na hataimba tena penye shimo. Wakamrudisha. Jumapili hiyo nilikuwa safu ya pili kutoka kwake, na tumbo langu la kwanza limeshafika hapa. Nilimwona akitia mkate mdomoni huku machozi yakimtiririka hadi shingoni. Nilifurahi pamoja naye, mjinga mimi.

Wiki ya tatu baada ya Jumapili hiyo uchungu ulinishika. Ilikuwa asubuhi. Mto ulikuwa umejaa, kwenda Kitui hospitali hakuna njia, na mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Mkunga akaja. Mama mkwe akawa anaingia na kutoka na maji ya moto. Mambo hayakwenda vizuri, na sitayaeleza yote. Aliniambia habari za mlango, nakumbuka. Nakumbuka kelele za mvua, ambayo kwetu ni mbua, kwenye mabati. Nakumbuka nikisikia mtoto akilia, kilio chembamba, kisha nikapotea kwa sababu ya damu. Nilipozinduka ilikuwa jioni, mtoto wa kiume yuko kifuani kwangu amefungwa kitambaa nilichokipinda kingo kwa mkono, na Mkunga ameketi chini akiniangalia. Asubuhi yake aliitwa kwa mzazi mwingine ng'ambo ya mto, akavushwa mabegani na wanaume wawili.

Mwanangu aliishi siku mbili. Hakunyonya. Siku ya pili alasiri aliacha kupumua mkononi mwangu, na mama mkwe akamchukua. Yeye na shemeji yangu walitoka naye, wakarudi baada ya muda mfupi na matope miguuni. Mama mkwe akanipa uji akaniambia, "Usilie. Hakuna aliyekufa." Hakuwa mwanamke mbaya. Yeye naye aliambiwa hivyo hivyo mara mbili ujanani, na aliamini ananipunguzia. Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi aliambiwa "haikuwa", akaitikia kwa kichwa, akakaa na mimi, naye hakuuliza.

Siku ya nne Mkunga alikuja. Nilimwona kwa dirisha. Mama mkwe alimzuia langoni akamkumbusha ahadi yake kwa wazee, nikasikia neno kwa neno. Mkunga alisimama pale muda, akitazama nyumba. Kisha akageuka akaenda zake.

Nilimchukia. Acha niseme wazi, maana sasa mimi pia ni mzee na sina wa kumwogopa. Watoto wa wenzangu wote waliokufa aliwapa majina, wangu akaja msimu ambao yeye amefunga mdomo ili apate mkate. Nilijiambia amemuuza mwanangu kwa kipande cha mkate kisichojaa kiganja.

Jumapili ya ushirika iliyofuata jambo moja lilitokea, nami sikulielewa. Sahani ilipofika kwake aliipitisha kwa jirani bila kuchukua. Akasimama, akatembea hadi benchi la nyuma, akaketi, na hakutoka tena kwenye benchi hilo. Wazee walimwuliza, akasema wamwache. Watu wakasema ni ugoro, dhamiri imemsuta. Mimi nikasema moyoni, na imsute.

Maisha yakaendelea. Alirudi kwenye benchi langu sokoni kutazama matumbo, na mimi nilikanyaga cherehani. Alinizalisha watatu wengine, maana ningemwita nani? Kwa hao watatu nilimsikia kwa masikio yangu akiwanong'oneza majina kabla ya kitovu. Alikuwa amerudia kazi yake na hakumficha mtu. Kwa hiyo wote wanne walipita mikononi mwake, na swali likabaki kwa mmoja. Je, na huyo wa kwanza alimwita? Ningeweza kuuliza siku yoyote, tulikuwa tumeketi umbali wa hatua mbili. Miaka zaidi ya ishirini sikuuliza. Kama angesema hapana, basi mama mkwe alikuwa amesema kweli, hakuna aliyekufa, na mimi nilikuwa nimebeba nini miezi tisa? Nilipenda swali kuliko jibu hilo.

Miaka ya tisini ilipoanza Mkunga aliacha kuona. Mtoto wa mke mwenzake, mwanamke mwenye kibanda cha chai cha madereva wa malori huko Sultan Hamud, alikuja kumchukua. Siku ya kuondoka hakuniaga kwa maneno, alinishika tu mkono, na mimi nikamwacha aende.

Kisha mama mkwe akafariki. Alizikwa vizuri, na kwaya mbili. Shemeji yangu mdogo alisoma historia ya marehemu, akafika kwa wajukuu, akasema ameacha wajukuu kumi na mmoja na mmoja aliyemtangulia, akamtaja kijana wa shemeji yangu aliyekufa maji. Mmoja aliyemtangulia. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, na nguo nyeusi nilizowashonea wote, nikahisi hasira ikipanda kutoka miguuni. Wiki hiyo hiyo nilipanda gari kwenda Sultan Hamud. Nyumbani niliwaambia naenda kununua vifungo.

Nilimkuta nyuma ya kibanda, kivulini, ana ungo wa ndengu mapajani, akitafuta mawe kwa vidole. Alikuwa amepungua sana, ila sabuni alinuka vile vile. Akauliza ni nani.

"Ni fundi wa Kanyangi, mwaitu," nikamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Nikamtajia na jina ninaloitwa kwa mkubwa wa wale watatu: "Mama Mwende."

Akanishika vidole, akapapasa sugu la sindano, akacheka. Tulizungumza habari za kawaida, nani amezaa, nani ameoa vibaya. Aliulizia zahanati. Nilimpa pole ya macho, akasema macho si kitu, watoto huwa hawaangaliwi, hushikwa. Chai ikaletwa na yule binti, ikanywewa. Nikaona nikikawia nitarudi nyumbani na vifungo tu.

"Mwaitu, nina jambo moja la kukuuliza, na usinidanganye kwa kunihurumia," nikasema. "Yule wa kwanza. Ulimpa jina?"

Hakuacha kuchagua ndengu. "Niliwaahidi wazee," akasema.

"Najua uliwaahidi."

"Niliahidi nikala mkate. Wiki ya tatu nikaitwa kwako." Alipata jiwe, akalitupa kando. "Alipotoka niligusa kifua chake nikajua hafiki siku ya tatu. Wewe hukuwa na fahamu. Mama mkwe wako alikuwa amefuata maji. Nikamshika hivi, nikafikiria ahadi, nikafikiria na ule mkate. Nikasema, Mungu mwenyewe aliwahi kuwa na siku mbili. Siku ile ya pili alikuwa Mungu kamili, na hajui hata kushika titi. Basi nimwache huyu aende bila kuitwa, halafu Jumapili nikale mwili wa yule? Nikamwita. Mara tatu, sikioni."

Malori yalikuwa yakipita barabarani na binti alikuwa akigombana na dereva juu ya vikombe.

"Ndiyo maana ulirudi benchi la nyuma," nikasema mwishowe.

"Sasa ningekula na wazee wakidhani nimewatii? Mimi ni mvuta ugoro, si mwongo."

Hapo hasira yangu ikanitoka, na ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo, ameketi benchini kwangu, anasema habari za matumbo ya watu! Nililia nikisema hayo, mtu mzima mimi, mbele ya madereva.

Aliweka ungo chini. "Nilikuja siku ya nne nikafukuzwa," akasema. "Baadaye nilikuja kila siku ya soko. Kwani mimi nilikuwa na nguo gani za kushonwa? Nilingoja uniulize. Hukuuliza, nikasema labda amesahau, nisimfunulie kidonda. Nilikosea. Nilipaswa kukwambia hata kama ungenifukuza na mkasi."

"Niliogopa kuuliza."

"Hata mimi niliogopa," akasema, akanifuta uso kwa pindo la leso yake, lile lile lenye ugoro, nikapiga chafya. Tukacheka kidogo. Nilitaka sasa aniambie jina lenyewe lakini gari la mwisho la Kitui lilikuwa limeanza kupiga honi kule stendi. Nikasimama nikajinyoosha nguo. Nikajiambia nitarudi mwezi ujao nimwulize kwa utulivu.

Mkunga akageuza uso upande wa kibanda, akamwita binti yake.

"Msindikize Mama Wambua mpaka stendi. Asiachwe na gari."

Binti akatoka akifuta mikono, akatazama huku na huku uani akitafuta huyo mgeni mwingine ni nani.

"Ni mimi," nikamwambia.